K Ni Moja Tu

Boksi lilikuja katika mizigo ya shangazi,
pembe zimeshikizwa kwa gundi ya karatasi,
na ndani kete za mbao, mia moja kasoro mbili.
Baba alizimwaga mkekani, akazihesabu kama mshahara:
E kumi na mbili. A tisa. K moja!
"Hawa watu," akasema, "hawakai? Hawakaribishani?"

Tukachukua kandambili ya Hatibu iliyokatika kamba,
tukaikata kwa wembe, vipande kama vya kashata.
Baba akaandika A, A, A kwa wino mzito,
na W tatu, na U.
K alikataa kuongeza.
"Ibaki moja. Nyumba haikosi kitu cha kugombewa."

Basi kila Ijumaa baada ya isha,
Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne,
tunazima pangaboi.
Hatuna budi. Kete za ndala ni nyepesi mno.
Upepo wake uliwahi kulipeleka neno HARUSI
chini ya kabati,
likarudi RUSHA,
na ile I hatukuiona tena.
Tunacheza tumelowa, khanga ya Mama imemganda mgongoni,
na mbu nao wanajua kwamba pangaboi imezimwa.

Mfuko wetu ni foronya. Mkono ukiingia
unajua bila kuona:
ngumu ni herufi ya ng'ambo, laini ni ya kwetu.
Hatibu hupapasa, hupapasa,
mpaka Bibi amwambie,
"Toa mkono huo, wewe si mkunga."

Kamusi tunayo, ila inaanzia "dafu".
Kurasa za mbele zilifungia karanga
mwaka ule Mama alipouza mlangoni.
Kwa hiyo maneno ya A, ya B, ya C
huapiwa,
na mengine yote, yakibishaniwa,
mwenye neno hutoa sentensi. Ndiyo sheria.

Bibi Mwanakombo akaweka MADZI.
"Maji," Baba akasema. "Hapo hapana D."
"Kwenu hapana. Mimi nimezaliwa Moa.
Nimekunywa madzi miaka sabini
na ile D haijanikwama kooni."
Hiyo ikawa sentensi, tena mbili.
Z peke yake ni kumi.
Baba akaandika nyuma ya risiti ya luku: kumi na sita.
A ya ndala haina alama.

Babu Shekiondo hachezi kwa pupa.
Kete huishika kwa dole gumba na kidole cha pete,
vya katikati hana,
nasi tumezoea, hatuoni pengo, tunaona kete.
Ijumaa ile K ilikuwa kwake.
Tulijua kwa sababu alinyamaza
na hakuigusa kahawa.
Akateremka kupitia N ya PUNDA wa Mama,
herufi baada ya herufi:
KORONA.

Tatu akaruka. "Ugonjwa huo! Jina la ugonjwa ni jina la mtu!"
"Ugonjwa umekuja juzi," Babu akasema.
"Korona ni mashine."
"Sentensi!"
Akafikiri kidogo, kama anatafuta iliyo fupi.
"Korona hula jani la mkonge, hutema nyuzi,
na mlishaji akisinzia
haiulizi jani ni lipi."

Mama akaviokota vikombe ambavyo bado vilikuwa na kahawa.
Hatibu akaangalia ubao.
Tatu akaangalia mkono.
Halafu akaanza kuhesabu kwa vidole vyake mwenyewe,
polepole, K tano, O moja, R moja,
mpaka tisa,
kimoja kikabaki kimekunjwa
asijue akifanye nini.

"Mara mbili," Babu akasema. "Mraba wa waridi huo.
Kumi na nane. Msiniibie."

Baba akaandika.
Bibi alikwisha zamisha mkono ndani ya foronya,
amefumba macho,
anapapasa.